Rigi ndogo ya kifuani kwa askari wa doria: maswali yenu na majibu

Safu hii hujibu barua za wasomaji kuhusu vifaa vya kazi ya polisi. Anayejibu ni sajini mstaafu, mwanamke aliyeanzia doria, akahamia ghala la vifaa, akamalizia utumishi wake akiwa mkufunzi wa silaha. Barua nyingi za toleo hili zimegusa kifaa kimoja: rigi ndogo ya kifuani, kile kibebeo chepesi chenye vifuko vya magazini (vile visanduku vya risasi vinavyochomekwa kwenye bunduki au bastola) kinachovaliwa kwa mikanda ya begani na mgongoni.

Afande, shikamoo. Mimi ni koplo wa doria ya gari. Tumeanza kupewa bunduki za kukaa garini kwa ajili ya matukio makubwa, na mwenzangu amenishawishi ninunue rigi ndogo ya kifuani. Ina vifuko vitatu vya magazini za bunduki, viwili vya magazini za bastola, na kimoja cha redio pembeni. Dukani ilinikaa vizuri sana. Nitajuaje kama inafaa kwa kazi yetu?

Marahaba, Koplo. Rigi tupu humkaa kila mtu vizuri, kwa hiyo dukani ulikuwa hujapima kitu bado. Magazini ya chuma ya AK ikijazwa risasi 30 huzidi gramu 800. Ya alumini, ya bunduki zinazotumia risasi za milimita 5.56, nayo ya risasi 30, inakaribia nusu kilo. Chukua tatu, weka na zile mbili za bastola, weka redio na betri yake, halafu uone mikanda ya begani inavyokukata na jinsi mzigo wote unavyoning'inia mbele ukikuvuta shingo. Hapo ndipo kupima kunapoanza.

Kifaa hiki kilikuzwa na askari wa miguu, na shida nyingi tunazokutana nazo sisi zimetokana na hapo. Ile ya Kichina ya turubai iitwayo Type 56, yenye vifuko vitatu vya magazini za AK katikati na vidogo pembeni, ilivaliwa sana katika vita vya Vietnam. Mtu yule anatembea msituni, kiunoni hana vitu vingi, na anachohitaji kwa haraka ni risasi. Wewe umekaa garini. Kiunoni una bastola, pingu, kirungu na tochi. Umevaa fulana ya kuzuia risasi. Unafunga na kufungua mkanda wa kiti zamu nzima, unaandika maelezo, unamshika mtuhumiwa mkono na kumwingiza garini. Kabla hujahesabu vifuko, angalia rigi hiyo itagombana na kipi kati ya hivyo ulivyo navyo.

Hata hivyo sikukatazi, kwa sababu haja ipo. Tarehe 28 Februari 1997, huko North Hollywood katika jiji la Los Angeles, majambazi wawili waliojifunika nguo za kuzuia risasi walitoka benki na bunduki za rashasha. Askari wa doria waliowakabili walikuwa na bastola na shotigani, na risasi zao hazikuwapenya. Majambazi wote wawili walikufa siku hiyo, lakini polisi na raia kadhaa walikuwa wameshajeruhiwa, na baada ya hapo bunduki zikaanza kupewa askari wa doria wa jiji hilo. Kisha tarehe 20 Aprili 1999 yakatokea mauaji ya shule ya Columbine, jimbo la Colorado, na mafunzo ya polisi yakageuka: anayefika wa kwanza asikae nje kusubiri kikosi maalumu, aingie. Rigi ndogo inamfaa huyo anayefika wa kwanza. Anashuka garini na bunduki, hana muda wa kupanga magazini mifukoni, anataka kitu cha kuvisha kichwani, kufunga bizimu moja na kwenda. Yako ipime kwa kazi hiyo.

Ivae juu ya fulana yako ya kazini, siyo juu ya shati. Jaza magazini kwa risasi bandia za mazoezi. Mtu wa pili akague bunduki na bastola ahakikishe ni tupu, na risasi halisi zitolewe kabisa mahali mnapofanyia mazoezi.

Anza na mkono wa bastola. Ukingo wa chini wa rigi usishuke chini ya mbavu zako za mwisho. Ikishuka, vifuko vya pembeni vinakalia mpini wa bastola. Chomoa polepole ukiwa umesimama. Rudia ukiwa umepiga goti, kisha ukiwa umekaa kwenye kiti cha gari lenyewe mnalotumia. Rigi nyingi huanguka mtihani kwenye kupiga goti: paja linapanda, linasukuma kifuko cha chini kuelekea ubavuni, na mkono unaokwenda kushika mpini unashika kitambaa. Ikikutokea hivyo hata mara moja, pandisha rigi juu kwa mikanda ya begani, ujaribu tena. Ikiwa umefika mwisho wa kurekebisha na bado inagusa, rigi hiyo siyo yako, hata kama mwenzako anaisifu. Yeye ana kiwiliwili kingine.

Halafu bega, kipimo ambacho watu wengi hawakifanyi. Kitako cha bunduki hukaa kwenye kishimo kilichopo kati ya bega na kifua. Tazama mkanda wa begani wa rigi unapita wapi, na hasa kile kipande cha plastiki cha kurekebishia urefu kimeangukia wapi. Kikikaa ndani ya kishimo hicho kitako hakitulii. Kinateleza kidogo kwenda nje, shavu linatafuta mahali pengine pa kukaa, na jicho halirudi palepale kwenye vilengeo. Kulikuwa na askari mmoja hodari wa shabaha ambaye ghafla risasi zake zilianza kwenda kushoto. Tulikagua bunduki, tukamkagua namna anavyofinya kifyatulio, tukabadilisha hata magazini. Kilichomsumbua kilikuwa kipande cha plastiki kisichofika ukubwa wa kidole gumba. Tulikishusha mpaka chini ya kwapa, na risasi zikarudi katikati siku hiyohiyo. Kwa hiyo vaa, pandisha bunduki begani, ishushe, ipandishe tena, huku umefumba macho. Mwili wenyewe utakwambia kama kuna kitu kigumu pale.

Kulala kifudifudi ni jambo la haraka: magazini zikiwa safu moja utalala, zikiwa safu mbili zimepangana mbele na nyuma, kifua kinainuka na kichwa nacho kinainuka pale unapotaka kibaki chini. Safu moja inatosha.

Sasa ushikaji wa magazini. Ruka, kimbia, panda ngazi, bingirika, kisha mwenzako akuinamishe mpaka midomo ya vifuko iangalie chini. Isidondoke hata moja. Halafu geuza swali: zinatoka? Mkono usiolenga ndio unaotoa magazini, kwa hiyo utumie huo peke yake, bila kutazama, ukiwa umevaa glovu kama kazini mnavaa. Lastiki mpya hudanganya. Siku ya kwanza inabana hadi magazini haitoki, baada ya miezi ya jasho na jua inalegea hadi magazini inaruka yenyewe. Napendelea kifuko kigumu kidogo chenye kamba ya lastiki juu yake, yenye kishikio kinachovutika hata na kidole baridi, kwa sababu kamba ikichoka unaibadilisha yenyewe na kifuko kinabaki. Vifuniko vya velkro hushika vizuri sana, lakini sauti yake usiku, kwenye korido tupu, inafika mbali. Kama kazi yenu ni kuzingira nyumba kimyakimya, hilo lina uzito. Kama kazi yenu ni barabara kuu, halina.

Mwache mwenzako akushike mkanda wa mgongoni akuvute kwa nguvu, maana mtu mnayepambana naye atafanya hivyohivyo. Unataka ushone wake usiachie, na unataka wewe mwenyewe uweze kufungua bizimu kwa mkono mmoja na kuivua ikibidi. Rigi inayoning'inia kwa kitanzi kimoja shingoni nisingeiruhusu ipite lango la kituo. Mtu akiikamata amekukamata koo.

Katika orodha yako, Koplo, kuna kitu sikukiona. Hukutaja mahali pa mkanda wa kubana damu. Vifuko vitano vya risasi na hakuna hata kimoja cha kuokoa maisha ya aliyepigwa risasi. Jeraha la mshipa mkubwa wa paja linaweza kumuua mtu ndani ya dakika chache, gari la wagonjwa likiwa bado njiani, na katika tukio ambalo linakufanya uvae rigi, majeraha ya namna hiyo ndiyo ya kutarajia. Magazini za bastola tayari unazo kiunoni. Ondoa kifuko kimoja cha bastola, au vyote viwili, uweke mkanda wa kubana damu na bandeji ya kufungia jeraha.

Na uuweke katikati ya kifua, mahali ambapo mkono wa kulia unafika na wa kushoto unafika. Tarehe 11 Aprili 1986 maofisa wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, walipambana na majambazi wawili huko Miami. Maofisa wawili waliuawa na watano wakajeruhiwa. Mmoja wa majeruhi, Edmundo Mireles, alivunjwa mkono wa kushoto na risasi, akaendelea kupigana kwa mkono mmoja hadi pambano likaisha. Kila mara ninapokagua rigi namfikiria ofisa yule. Funga mkono wako mmoja nyuma, halafu jaribu kutoa mkanda wa kubana damu na kuufunga kwenye paja: sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, pasipo na kiungo, kaza mpaka damu isimame, andika saa. Badilisha mkono, rudia. Kama upande mmoja huufikii, sogeza kifuko.

Pambano hilohilo la Miami linanifikisha kwenye suala la mwisho, la wapi rigi ikae ukiwa garini. Magari yalipogongana, ofisa mmoja aliyekuwa amekwisha kutoa bastola yake na kuiweka tayari aliipoteza kwa kishindo kile. Kitu kilichowekwa tu kitini hakipo tena baada ya ajali. Ushauri wangu ni huu: usiendeshe gari ukiwa umeivaa imejaa, maana mkanda wa kiti ukikaza wakati wa ajali utazikandamiza zile magazini kwenye mbavu zako, na mfuko wa hewa wa usukani utakukuta na chuma kifuani. Ifungwe kwa kamba au klipu mahali pamoja garini, mikanda yake imeshapimwa kwa mwili wako. Fanya mazoezi ya kushuka, kuivaa na kuwa tayari, gizani na kwenye mvua. Ikiwa kuivaa kunakuchukua muda mrefu kiasi kwamba unashawishika kuiacha, tatizo liko kwenye bizimu zake. Tafuta yenye bizimu moja.

Mimi ni konstebo, sina muda mrefu kazini. Wenzangu wanasema magazini tatu za chuma kifuani zinasaidia kuzuia risasi, kwa hiyo ukiwa na rigi unaweza kuiacha fulana siku za joto. Ni kweli?

Siyo kweli, na tafadhali waambie wenzako leo. Magazini haijatengenezwa wala kupimwa kuzuia risasi. Ina nafasi kati yake na jirani yake, na ikipigwa inaweza kupasuka na kutawanya vipande usoni na shingoni kwako. Kinachozuia risasi ni kile kilichopimwa kwa kiwango. Na hata hapo uwe makini: fulana laini ya daraja la IIIA, kwa kiwango cha mwaka 2008 cha NIJ, taasisi ya serikali ya Marekani inayoweka viwango vya fulana hizi, imepimwa kwa risasi za bastola, haikupimwa kwa risasi za bunduki. Kwa bunduki zinahitajika bamba ngumu. Utakuta sasa kiwango kipya, kilichotolewa mwaka 2023, kinatumia majina mengine, HG kwa bastola na RF kwa bunduki, ambayo angalau yanasema wazi fulana imepimwa kwa nini. Soma kibandiko cha fulana yako, kiko ndani ya ganda la kitambaa. Fulana kwanza, rigi juu yake. Joto likizidi, punguza muda wa zamu ya nje, kunyweni maji, pokezaneni kivulini.

Mama, shikamoo. Ni askari wa kike kwenye kikosi cha wanaume watupu. Rigi tuliyopewa ni ubao mmoja mpana na mgumu. Kwangu haikai, chini inaelea, juu magazini zinanigonga kidevu nikikimbia, na nikiikaza inaniumiza matiti. Bosi wangu ameniambia nitazoea.

Marahaba mwanangu. Hutazoea, na usikubali kuambiwa uzoee. Maumivu yanabadilisha namna unavyopumua na unavyoshika bunduki, na askari anayekwepa maumivu hana usikivu kamili kwa kinachotokea mbele yake.

Kwanza tuangalie fulana. Kama umevaa fulana iliyokatwa kwa kifua cha mwanamume, rigi yoyote utakayoiweka juu itakaa vibaya, kwa sababu msingi wenyewe umeinuka mbele na kuacha nafasi pembeni. Omba ukubwa na umbo lako. Hilo ni ombi la usalama wa kazi, liandike, uweke nakala.

Ubao mpana mgumu unafanya daraja juu ya kifua, ndiyo maana chini unaelea. Kuna aina mbili zilizonisaidia mimi na askari wa kike niliowafundisha. Moja ni ile iliyogawanyika katikati, kila nusu ikafuata upande wake wa mwili na kufungwa mbele kwa bizimu au zipu. Nyingine ni ubao mwembamba wa magazini mbili tu, unaokaa chini ya kifua, juu ya kitovu. Ukiwa na kiwiliwili kifupi, angalia usije ukapata rigi inayokaa vizuri juu lakini inakutana na mkanda wa kiunoni ukikaa. Magazini fupi za risasi 20, kama bunduki yenu inazo, humaliza tatizo la kidevu mara moja.

Mikanda nayo ina mpangilio. Legeza yote. Weka urefu wa begani kwanza mpaka rigi ifike mahali pake, ndipo ukaze wa mgongoni, kidogo kidogo, huku umevuta pumzi ndani kifua kikiwa kimejaa. Ukiikaza umetoa pumzi, utabanwa kifua ukipanda ngazi ya tatu tu. Mikanda iliyopishana mgongoni kama herufi X huwa inakaa mbali na shingo na haitelezi kwenye mabega membamba. Ile iliyonyooka kama H ni nyepesi kuivaa lakini kwa wengi wetu inadondoka begani.

Bosi wako naye mwonyeshe. Vaa mbele yake, piga goti, chomoa, panda ngazi. Wakuu wengi hukataa malalamiko lakini hawawezi kukataa bastola iliyokwama mbele ya macho yao.

Ni inspekta na mjumbe wa kamati ya vifaa. Tumeletewa sampuli mbili za rigi, moja ya nailoni ya denia 500 na nyingine ya denia 1000. Muuzaji wa ile ya pili anasema yake ni imara maradufu. Tufanyeje majaribio ya haki?

Afande Inspekta, namba hiyo inapima uzi. Denia ni uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Uzi wa 1000 ni mzito maradufu ya wa 500, hilo ni kweli, na unastahimili zaidi kusuguliwa. Lakini kitambaa chake ni kizito, kigumu kukunjika, na kikilowa hukauka taratibu. Kwa begi kubwa la mgongoni linaloburutwa chini ningechukua 1000. Kwa rigi ndogo inayovaliwa saa chache na kurudi kwenye mkoba wake, 500 inatosha na mwili utakushukuru.

Rigi ninazozijua zilizoharibika mapema ziliachia kwenye ushone, kitambaa chenyewe kikiwa bado kizima. Geuza sampuli zote mbili ndani nje. Pale mkanda wa begani unaposhikana na ubao, na pale bizimu inaposhikana na mkanda, panatakiwa ushone mnene wa kwenda na kurudi, nyuzi zimekaa karibu karibu, bila mwisho wa uzi unaoning'inia. Kisha chukua rula. Mistari ya mikanda ya MOLLE, mfumo wa kufungia vifuko ulioanza jeshini Marekani miaka ya 1990, ina upana wa milimita 25, imeachana milimita 25, na imeshonwa kila baada ya milimita 38. Sampuli ambayo vipimo hivyo vimeyumba, vifuko vya mtengenezaji mwingine havitakaa. Vitacheza na kuinama, na mtajikuta mmefungwa kwa muuzaji mmoja miaka yote.

Kuhusu haki ya majaribio: tatizo kubwa ninaloliona katika kamati ni kuwapa sampuli vijana wa kikosi cha silaha, wote warefu, wote wenye nguvu, wote wanaopenda vifaa. Wape askari wa doria. Awepo mfupi, awepo mnene, awepo anayetumia mkono wa kushoto, awepo mwanamke, awepo mwenye mgongo mbovu na miaka yake kazini. Awepo pia asiyeitaka kabisa. Kila mmoja avae sampuli zote mbili, kwa mzigo uleule uliopimwa kwenye mizani, na nusu yao waanze na moja, nusu na nyingine, maana ya pili hupimwa na mtu aliyechoka. Andikeni kabla ya kuanza ni mambo gani yataiangusha sampuli hata ikiwa nzuri kwa mengine yote. Langu la kwanza lingekuwa kuzuia kuchomoa bastola. La pili, magazini kudondoka. Mkiyaandika baadaye, mtaandika yale yanayomfaa yule mliyempenda.

Waulizeni kuhusu mgongo na nyonga asubuhi inayofuata, siyo wakati wanavua. Huko Eau Claire, jimbo la Wisconsin, polisi walishirikiana na watafiti wa Mayo Clinic Health System na chuo kikuu cha hapo kulinganisha mkanda mzito wa kiunoni na fulana inayobeba vifaa kifuani, na waliohamisha mzigo kwenye fulana walipata nafuu ya maumivu ya kiuno na nyonga. Lakini fulana ile inagawa mzigo kuzunguka mwili mzima. Rigi ndogo inauweka wote mbele. Msije mkaamini kwamba nafuu iliyopatikana kule inahamia hapa yenyewe. Kiuno kinaweza kupumzika halafu shingo ikalipa.

Na jambo dogo ambalo kamati husahau: ikivaliwa, je, neno POLISI na namba ya askari bado vinaonekana? Kamera ya kifuani inaona mbele, au inaona mgongo wa magazini? Jaribuni kwa kurekodi, mtu akiwa ameshika bunduki begani, halafu mkaitazame picha pamoja.

Mimi si polisi. Siku hizi ninawaona askari wa doria wakipita mtaani na risasi kifuani, hata kwenye shughuli za kawaida. Watoto wanaogopa. Hivyo ni lazima?

Asante kwa kuandika, ndugu yangu. Kwa shughuli za kawaida siyo lazima, na mimi nasimama upande wako. Rigi ni ya tukio la bunduki. Askari anayekwenda kusikiliza ugomvi wa majirani akiwa na magazini tatu kifuani amekwisha sema jambo kabla hajafungua mdomo, na mtu aliyekuwa tayari kueleza habari zake atazimeza. Tunapoteza mashahidi namna hiyo.

Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu matumizi ya nguvu na silaha za moto, zilizopitishwa Havana mwaka 1990, zinahimiza polisi wapewe vifaa vya kujikinga, kama ngao, helmeti na fulana za kuzuia risasi, ili haja ya kutumia silaha ipungue. Zinadai pia kwamba aliyejeruhiwa apewe msaada na matibabu mapema iwezekanavyo, bila kujali ni nani. Ndiyo maana nawasumbua sana askari kuhusu mkanda wa kubana damu: huo unaweza kufungwa kwenye mguu wa askari, wa mpita njia, au wa yule yule aliyefyatua risasi. Ukiona askari wa mtaani kwenu wanavaa rigi kila siku, mwulize mkuu wao kwa heshima ni agizo la nani na kwa tukio gani. Una haki ya kujibiwa.

Rigi yangu inanuka jasho na chumvi imeganda kwenye mikanda. Naweza kuifua kwa mashine?

Ifue kwa mkono. Toa kila kitu, fungua bizimu zote, funga velkro isinase uchafu, tumia maji ya vuguvugu na sabuni laini isiyo na dawa ya kung'arisha, sugua kwa mswaki kwenye mikanda pale chumvi ilipoganda, suuza mpaka maji yatoke safi. Anika kivulini, kwa sababu jua kali hudhoofisha nailoni na plastiki ya bizimu, na usiikaribishe moto, nailoni huyeyuka. Ikikauka, vuta kila ushone kwa nguvu ukiutazama.

Kabla hujarudisha vitu, kagua mkanda wa kubana damu. Ulioachwa juani muda mrefu huchoka hata kama haujatumika, kwa hiyo ukiwa umepauka au plastiki yake ina ufa, omba mwingine. Na ule mliofanyia mazoezi utieni alama ya rangi, ukae kwenye sanduku la mazoezi, usirudi kifuani.